Kipaji kipo Tabora, faili je?

TABORA: Mashabiki wa Ligi Kuu bado wanaikumbuka mechi ya Agosti 2023 pale Chamazi. Kitayosce, waliokuwa ndo wanageuka kuwa Tabora United, waliingia kuivaa Azam FC wakiwa na wachezaji wanane tu. Karatasi za usajili za wenzao hazikuwa zimekamilika. Feisal Salum akapiga 'hat-trick', ubao ukasoma 4-0, Nyuki wa Tabora wakabaki sita na mwamuzi akamaliza shughuli kabla hata ya mapumziko.

Watu walicheka sana siku ile. Lakini kwa kinda anayefanya mazoezi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi huku akiota Ulaya au Marekani, ile mechi ni picha ya safari yake yote. Miguu inaweza kuwa tayari, karatasi ikagoma.

Tabora inazijua safari tangu zamani. Hapa ndipo misafara ya Bagamoyo ilipopumzika kabla ya kuendelea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara yote ile mabegani. Njiani walilipa hongo kwa watemi ndipo wapite. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, siyo hii ya sasa ya kupeana chini ya meza. Mnyamwezi Msiri alitoka huku akaenda hadi Katanga, akajenga utawala wake Bunkeya.

Mbwana Samatta naye alipitia Katanga. Mwaka 2011 alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha akatua Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 Aston Villa wakamtaka. Hapo ndipo watemi wa kisasa walipotaka chao.

Kanuni za England wakati ule zilitoa kibali cha kazi moja kwa moja kwa mchezaji wa timu ya taifa iliyo ndani ya 50 bora za FIFA. Taifa Stars ilikuwa chini ya nafasi ya 100. Ikabaki njia ya kupima mchezaji mwenyewe: ada ya uhamisho, mshahara, ligi anayotoka. Samatta alikuwa na cha kuonyesha. Alikuwa bingwa wa Ubelgiji 2019, mshindi wa Kiatu cha Ebony, na miezi michache nyuma alikuwa ameifunga Liverpool palepale Anfield. Kibali kikatoka, na Februari 1 akawafunga Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga bao Ligi Kuu ya England.

Marekani wana mlango mwingine, na huu unawahusu watu wa kila fani. Sheria yao ya mwaka 1990 inampa mtu mwenye uwezo wa kipekee nafasi ya kuomba ukaazi wa kudumu bila hata kuwa na mwajiri. Mhandisi wa magari anapita hapo akiwa na hataza za injini alizobuni na mshahara unaozidi wenzake. Mwanamichezo naye anapita palepale. Kama huna tuzo kubwa ya dunia, mfano medali ya Olimpiki, unatakiwa kutimiza angalau vigezo vitatu kati ya kumi. Vimo tuzo za kitaifa au kimataifa, nafasi muhimu kwenye taasisi yenye sifa, malipo ya juu, na kuandikwa na vyombo vikubwa vya habari. Hata hivyo vitatu ni kuvuka kizingiti tu, kwani afisa bado anapima faili zima kuona kama kweli uko kileleni.

Wala siyo lazima uwe straika. Craig Muni alikuwa beki wa mpira wa magongo wa barafuni, mtu wa kazi chafu, asiye na mabao ya kutangazia. Uhamiaji wakamkatalia. Mwaka 1995 mahakama ya Chicago ikaona walikosea, kwani jamaa alikuwa ametwaa Kombe la Stanley mara tatu na ushahidi wake haukupimwa inavyostahili.

Klabu za kule zikimtaka mchezaji haraka, mara nyingi huombea viza ya muda ya wanamichezo. Hiyo nayo inataka sifa za kimataifa zilizoandikwa mahali.

Mtoto wa huku magharibi aliyefika mbali zaidi Marekani hakupita mlango wowote kati ya hiyo. Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa uleule wa Ujiji. Mwaka 2016 alipelekwa Texas na familia yake kama wakimbizi. Huko akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, akapanda hadi FC Dallas, na Agosti 2023, mwezi uleule wa aibu ya Chamazi, aliwafunga Inter Miami ya Lionel Messi. Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Angebaki Kasulu na miguu ileile, faili lake lingekuwa na nini ndani?

Hapo ndipo pa kuumiza kichwa. Kigezo cha magazeti kinataka habari inayomhusu mchezaji mwenyewe, yenye kichwa, tarehe na jina la mwandishi. Ikiwa ya Kiswahili, iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri. Habari ya mistari minne isemayo "bao la wageni lilifungwa kipindi cha pili" haimsaidii mfungaji kitu. Medali isiyo na cheti wala picha ni maneno matupu mbele ya afisa.

Kisha kuna majina. Kwenye orodha ya kikosi kinda anaitwa Saidi, kwenye pasipoti Said, gazetini wamempa jina la utani tu. Kwa shabiki wa jukwaani ni mtu mmoja. Kwa afisa mwenye faili mezani ni watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyetimiza vigezo.