Undugu wa Mitini

Katika nchi ya Aru, kaskazini ya Ituri, karibu na mpaka wa Uganda, miti ya jamaa ya mtini yajulikana na watu wote. Wazee hukaa kivulini mwake kukata maneno. Ndege, popo na kima hula matunda yake. Katika msitu wa Ituri, tangu zamani Wambuti waliponda gome la baadhi ya miti hiyo mpaka likawa nguo.

Lakini mitini si ya aina moja. Duniani ziko aina zaidi ya 750, na nyingine hufanana sana. Tena mtini ulioota juu ya mwamba huweza kuwa na majani madogo, na mwenzake ulioota kando ya maji ukawa na majani mapana. Je, ni aina mbili, au ni moja tu? Kwa miaka mingi wataalamu walibishana hivyo juu ya mitini ya Afrika.

Kuna faida gani kujua? Ndani ya tunda la mtini mna maua madogo sana. Nyigu mdogo, mwenye urefu wa milimita moja au mbili, huingia kwa tundu jembamba, hata mabawa yake hukatika. Huleta unga wa maua kutoka mti mwingine, hutaga mayai, kisha hufa. Kwa kawaida kila aina ya mtini ina nyigu wake. Basi watu wakidhani aina mbili ni moja, wanaweza kukata ile iliyo chache mpaka iishe, wala wasijue. Nyigu wake atakufa pamoja nayo, na ndege watakosa chakula.

Ndiyo sababu wataalamu wa siku hizi hutazama pia ndani ya jani. Kila chenye uhai kina vinasaba, viitwavyo pia DNA. Umbo lake lilifahamika mwaka 1953. Ni kama maandiko marefu yenye herufi 4 tu: A, C, G na T. Mti huyapitisha maandiko hayo kwa mbegu zake, lakini mara moja moja herufi hubadilika.

Fikirini mwalimu anayesahihisha madaftari. Watoto wawili wamekosea neno lile lile, mahali pale pale. Mwalimu hutambua mara: wamenakili kutoka daftari moja. Vivyo hivyo, mitini yenye mabadiliko yale yale, mahali pale pale, imetoka kwa mzazi mmoja wa zamani.

Mtaalamu huchuma jani changa, hulikausha upesi, hulisaga, na kwa dawa hutenga vinasaba. Mashine husoma herufi, naye huzilinganisha.

Kazi hiyo imefunua mambo ya ajabu. Mkuyu huota ardhini, na matunda yake mara nyingi hushikana kwenye shina na matawi. Mtini mwingine huanza maisha juu ya mti, pale ndege alipoangusha mbegu, kisha huteremsha mizizi na kuukaba mti uliouchukua. Miwili hii yaweza kuwa majirani, na yote hutoa utomvu mweupe. Lakini vinasaba vyaonyesha kwamba jamaa wengi wa mkuyu wako Asia, na kwamba mitini ya Afrika yenye kukaba ni ndugu wa karibu wa mitini ya Amerika!

Je, macho hayana kazi tena? Sivyo. Huko Yangambi, kando ya mto Kongo, yametunzwa majani makavu ya mimea mingi, pamoja na jina la mahali yalipochumwa na tarehe. Bila hayo, herufi za mashine ni kama barua isiyo na jina la mwenyewe. Na mzee ajuaye mtini upi huzaa wakati gani, na upi huota kwa kupandwa tawi, ana elimu ambayo mashine haina.

Maswali
1. Nyigu hufanya kazi gani ndani ya tunda la mtini?
2. Mwalimu hutambuaje watoto walionakili?
3. Ulizeni wazee majina ya mitini ya kijijini kwenu. Wanaitofautisha kwa alama gani?