Daftari la chama lisiondoke na simu ya karani

MSIMU wa mazao unapoanza, karani wa chama cha msingi cha ushirika huwa na kazi nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ofisini. Anasimamia mizani, anaandika kilo za kila mkulima, anapokea bei kutoka kwa wanunuzi na kupeleka taarifa kwa viongozi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya simu ya mkononi.

Tatizo ni kwamba simu hiyo mara nyingi ni mali ya karani mwenyewe. Ikiibwa sokoni, ikitumbukia majini au karani akihamia mji mwingine, kumbukumbu za msimu mzima huondoka nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalokaa mfukoni mwa mtu mmoja halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwapo.

Wakati huo huo, kompyuta ya mezani ambayo chama kiliinunua kwa fedha za wanachama imekaa pembeni, imefunikwa kitambaa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inayoifuata haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Viongozi wengi wanaona njia ni mbili tu: kununua mashine mpya, au kuendelea na ya zamani bila kinga mpya dhidi ya virusi na wezi wa mitandaoni.

Ipo njia ya tatu. Ni kuweka kwenye kompyuta hiyo mfumo endeshi wa Linux, ambao haulipiwi leseni, kisha kuendesha humo baadhi ya programu zilizotengenezwa kwa ajili ya simu.

Ndugu wa damu moja

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ni programu huria, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Hapa nchini si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi zinazosomeka kwa Kiswahili.

Wasichofahamu wengi ni kwamba simu za Android nazo zimejengwa juu ya Linux. Kiini chake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi kwa chipu, kumbukumbu na betri, ni kile kile kinachoendesha kompyuta za Linux, kikiwa na marekebisho machache. Kwa maneno mengine, kompyuta ya Linux na simu ya Android ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Undugu huo ndio uliowawezesha wataalamu kutengeneza Waydroid, programu huria iliyotoka mwaka 2021. Ilifuata nyayo za Anbox, mradi uliotangazwa mwaka 2017 na kufungwa mwaka 2023.

Namna Waydroid inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Njia ya zamani ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine ni kama kujenga nyumba nzima uani: ina msingi wake, kuta zake na paa lake, na kompyuta hubeba mzigo wa nyumba mbili. Waydroid hutenga chumba tu ndani ya nyumba iliyopo. Android huingia humo na kutumia kiini cha Linux ambacho tayari kinafanya kazi. Ndiyo maana mzigo hupungua, na programu ya simu hufunguka kwenye skrini ya kompyuta na kutumia kibodi na kipanya kama programu nyingine yoyote.

Zinazokubali na zinazokataa

Faida kubwa iko kwenye programu za kazi za ofisini: kuweka hesabu, kujaza fomu, kusoma maelekezo ya ugani, kufuatilia hali ya hewa au kutazama oda za mnunuzi ambaye hana tovuti bali programu ya simu pekee. Karani anayejaza majina mengi ya wakulima ataona tofauti siku ya kwanza, kwa kuwa kuandika kwa kibodi na kusoma kwenye skrini pana hupunguza makosa ya tarakimu. Na kosa la tarakimu moja kwenye kilo za korosho au kahawa ni fedha ya mtu.

Hata hivyo, zipo programu ambazo hazifai kuhamishwa. Kwanza ni zile za shambani. Mfano ni Nuru ya PlantVillage, ambayo hutumia kamera ya simu kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo, na hufanya hivyo hata pasipo intaneti. Kazi yake iko mbele ya jani, si mbele ya meza. Isitoshe, kamera ni moja ya vitu vinavyosumbua ndani ya Waydroid.

Pili ni huduma zinazotegemea laini ya simu. Kompyuta haina laini, hivyo menyu za fedha zinazopigwa kwa nyota na reli hazitapatikana humo.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ni programu za benki. Nyingi hukagua kwanza kama zinaendeshwa kwenye simu halisi iliyothibitishwa na Google. Zikikuta si simu, hukataa kufunguka au hufunguka na kugoma kutuma fedha. Ukaguzi huo umewekwa kuzuia wizi, na si busara kwa chama kutafuta ujanja wa kuukwepa kwa akaunti yenye fedha za wanachama.

Ipo pia tofauti ya chipu. Simu nyingi hutumia chipu za aina ya ARM, ilhali kompyuta nyingi za ofisini zina chipu za Intel au AMD, ambazo husoma maagizo ya aina nyingine. Programu nyepesi nyingi hazijali tofauti hiyo. Zile zilizoandikwa kwa ajili ya ARM peke yake huhitaji mkalimani katikati, na mkalimani hupunguza kasi. Njia ya kujua ni kuijaribu programu yenyewe kabla ya kuitegemea.

Mahitaji na gharama

Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 itafanya kazi kwa kuhema, na yenye GB 8 itafanya kwa nafasi. Kadi za picha za Intel na AMD ndizo zinazopatana vizuri na Waydroid, wakati za NVIDIA zina matatizo. Jambo lingine ni kwamba Waydroid hutaka Linux inayochora skrini kwa mtindo mpya uitwao Wayland. Ubuntu ya sasa huja nao. Linux Mint, inayopendwa na wengi kwa wepesi wake, kwa kawaida bado hutumia mtindo wa zamani, hivyo anayeichagua asishangae Waydroid ikikataa kuwaka.

Kwa upande wa fedha, leseni ni sifuri, lakini sifuri hiyo isimdanganye mtu. Faili la kusakinisha Ubuntu lina zaidi ya GB 5, na Android inayoshushwa na Waydroid huongeza GB 1 hivi. Kwa ofisi inayonunua bando, ni nafuu kushushia mjini penye intaneti nzuri na kuja na Ubuntu kwenye flashi. Siku moja au mbili za fundi na za kumfundisha karani nazo zina bei.

Umeme pia uhesabiwe. Chukulia kompyuta ya mezani inayotumia wati 100 kwa saa 8 kwa siku. Hiyo ni uniti 0.8 kwa siku, sawa na uniti 20 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Kompyuta ya mpakato ya wati 40 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 8. Kila chama kizidishe kwa bei ya uniti kinayolipa, kisha kilinganishe na bei ya kununua kompyuta mpya.

Programu zenyewe hupatikana kwa njia mbili. Duka la F-Droid hutoa programu huria bila kudai akaunti. Anayetaka duka la Google Play achague toleo la Android lenye huduma za Google wakati wa kusakinisha, kisha asajili namba ya utambulisho wa kifaa chake kwa Google, la sivyo duka litamwambia kuwa kifaa hakijathibitishwa.

Pale Waydroid inaposhindwa

Kwa programu zilizokataa, ipo scrcpy, programu huria iliyotolewa na kampuni ya Genymobile ya Ufaransa mwaka 2018. Hii haihamishi programu. Simu huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na skrini yake huonekana na kuongozwa kutoka kwenye kompyuta. Kwa kuwa programu inabaki kwenye simu halisi yenye laini halisi, mengi yaliyokataliwa na Waydroid hukubali hapa. Baadhi ya programu za benki bado zitaonyesha skrini nyeusi kwa sababu za usalama, na hizo zitumike kwenye simu moja kwa moja.

Kwa njia hiyo chama kinaweza kununua simu moja ya bei ya kawaida, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, ikafungiwa ofisini na kuunganishwa na kompyuta wakati wa kazi. Simu ya karani inabaki kuwa ya karani.

Kabla ya kuanza, viongozi waorodheshe kila programu inayotumika na kuuliza kama ina tovuti. WhatsApp, kwa mfano, imekuwa ikifunguka kwenye kivinjari cha kompyuta tangu 2015, hivyo haihitaji mzunguko huu wote. Zinazobaki zijaribiwe kwa wiki mbili nje ya msimu, huku daftari la karatasi likiendelea kuandikwa.

Mwisho, kuhamishia kumbukumbu kwenye kompyuta hakutoshi. Diski nayo hufa. Kila Ijumaa kumbukumbu zinakiliwe kwenye diski ya nje inayotunzwa na mtu mwingine asiye karani, na neno la siri lijulikane kwa viongozi wasiopungua wawili. Majina na namba za simu za wakulima ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, hivyo diski hiyo isiachwe juu ya meza.

Mkulima aliyepeleka magunia yake ghalani hana haja ya kujua Linux ni nini. Anachotaka ni kwamba siku ya malipo ikifika, kilo zake zionekane, awe karani yule yule yupo au ameshaondoka.