Fahamu: B ya Kiswahili na safari ya kwenda kusomea sheria

Mwanafunzi wa kidato cha nne Kinango, Pwani ya Kenya, anayetaka uwakili hafanyi mtihani maalumu wa kitaifa wa kuingia kitivo cha sheria, kama LSAT ya Marekani. Mchujo wake ni KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kanuni za elimu ya sheria za 2016 zinadai wastani wa C+ na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili. Moja tu inatosha. Kwa hiyo anayekosa usingizi kwa kuwazia wastani angefaidika zaidi akihamishia hofu hiyo kwenye Kiswahili, kwa sababu alama zake zinajulikana zilipo: Insha 40, Lugha 80, Fasihi 80. Ndani ya Lugha, ufahamu na ufupisho vina 15 kila kimoja, isimujamii 10, na matumizi ya lugha 40 nzima.

Wapo watakaosema Mpwani hahitaji kufundishwa Kiswahili. Porojo. Kinango wengi huongea Chiduruma nyumbani, na hata wa Diani hajifunzi kuchanganua sentensi kwa jedwali akiwa barazani. Pingamizi zito ni jingine: KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, huwapanga kwa ushindani, na B ni kizingiti tu. Ni kweli, na masomo mengine hayawezi kuachwa. Lakini bila B ya Kiingereza au Kiswahili, hata A za masomo mengine hazimfungulii mlango wa sheria moja kwa moja kutoka KCSE, ilhali karatasi za zamani za matumizi ya lugha zinaweza kurudiwa kila wiki tangu kidato cha tatu.