Kukwea jabali la mchanga



Kijana mmoja wa Tandika ameniuliza swali, na nadhani jibu lake litawafaa wengi. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 aliona watu wakikwea ukuta mfupi bila kamba, wakianguka juu ya godoro na kuinuka tena. Je, huo nao ni mchezo? Na sisi wa Dar es Salaam tuucheze wapi?

Ni mchezo, tena ulilelewa na mawe ya asili. Mahali palipovuma sana ni msitu wa Fontainebleau, kiasi cha kilometa 60 kutoka Paris, ambako majabali ya mchanga yametapakaa katikati ya miti. Wapanda milima walikwenda kufanya mazoezi huko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Majabali mengi hayazidi mita nne au tano. Mkwezi huvaa viatu vya mpira vinavyobana, hupaka viganja unga mweupe kukausha jasho, hutandika godoro chini, na mwenzake husimama nyuma ili akianguka aangukie penye godoro. Mpanda ngazi hushuka; hawa wamejiandaa kushuka.

Msidhani ni kazi ya misuli tu. Mara nyingi jabali la mchanga halina pa kushika, ni mviringo mtupu kama tumbo la mtungi. Mkwezi hukandamiza kiganja na unyayo, na mkwaruzo wa chembe za mchanga ndio unaomzuia asiteleze. Ndiyo maana hupenda siku kavu zenye baridi.

Sasa tufike kwenye kiini. Jiwe la mchanga ni chembe zilizogandamana, na uimara wake ni uimara wa kinachozigandisha. Kule Fontainebleau ni silika, ambayo ni ngumu sana. Hata hivyo, mvua ikinyesha wakwezi husubiri jiwe likauke mpaka ndani, maana likilowa hudhoofika. Wakwezi wetu wa minazi wanaelewa: mti uliolowa haupandwi.

Nasi tunalo jiwe la mchanga, pale vilima vya Pugu, mbele ya Gongo la Mboto. Lakini huko chembe zimeshikwa na kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Jiwe hilo ni laini, halifai kukwewa. Wala zisikwewe kuta za mashimo ya mchanga, au za machimbo ya kokoto kama yale ya Kunduchi, ambako jiwe ni chokaa ya matumbawe ya kale. Kuta hizo zimekatwa wima na kutikiswa na uchimbaji, na masika yakipita huwa zimelegea zaidi. Mtoto anayezifanya uwanja wa michezo anacheza chini ya mzigo usio na mshikaji.

Anayetaka mchezo huu kweli atazame majabali magumu ya matale, kama yale niliyoyaona Mwanza, yaliyozagaa hata ndani ya mji. Aende na mwenzake, na godoro, na mtu anayejua.

Wazazi wa Kinondoni na Temeke, hatuna haja ya kuwakataza vijana kupanda. Tuwafundishe kuuliza kwanza: jiwe hili limeshikwa na nini? Asiyepata jibu, abaki chini.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.