Gia Boksi Ilipochemka Kitonga, Ndoa Nayo Ikachemka

Wanandoa wengi wanajua kinachowagombanisha: simu, hela, mawifi. Sisi kwetu iliingia gia boksi.

Mpenzi msomaji, usifunue ukurasa mwingine ukidhani umechukua gazeti la mafundi kwa bahati mbaya. Kama wewe na mwenzako mna pikapu ya dizeli ya otomatiki, na mmeanza kufikiria kuvuta tela la biashara, boti au mizigo ya kuhamia kwenu, haya yanakuhusu. Wallahi natamani mtu angeniandikia mimi kabla.

Ilikuwa Desemba. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumejibana miezi kumi na minne, hakuna kutoka Ijumaa, hakuna nguo mpya, mpaka tukachongesha tela la jiko, yale ya kuuzia chakula kwenye sherehe na maonyesho. Ndani jiko kubwa la gesi, friji, sinki na tangi la maji. Kazi ya kwanza tukaipata Mafinga, harusi ya watu mia tatu, siku ya Jumamosi. Nusu ya malipo tumeshapewa na tumeshaitumia. Gari ni dabo kebini ya mwenzangu, aliinunua kabla hajanioa, na anavyoipenda kuna siku huwa najiuliza mke mkubwa ni nani.

Alhamisi alfajiri tukatoka Dar. Mpaka Morogoro raha tupu. Mikumi tukapita taratibu tukiangalia twiga, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kuupanda mlima Kitonga saa saba mchana, jua la utosi.

Anayeijua Kitonga anajua. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa kobe. Mbele yetu lori la mafuta. Tukaganda nyuma yake, kilomita 15 kwa saa, mara nyingine chini ya hapo. Gia imeachwa kwenye D, kiyoyozi kinapuliza, muziki unacheza.

"Baba, nasikia harufu kama sukari imeungua."

"Breki za malori hizo, mama. Kitonga siku zote inanuka."

Na kweli Kitonga inanuka breki, malori yanayoshuka yanazichoma, ndiyo maana nikanyamaza. Isitoshe mshale wa joto la injini ulikuwa katikati, umetulia kabisa. Baada ya kona mbili tatu injini ikaanza kulia kwa nguvu huku gari haliendi, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Mwenzangu akasogea pembeni, akazima injini papo hapo. Hilo lilikuwa kosa la pili, nitalieleza.

Tulivutwa. Harusi ya watu walilishwa na mpishi mwingine, tukarudisha kianzio tulichokuwa tumeshakila, na gia boksi ikafunguliwa na kukutwa klachi zake za ndani zimeungua hadi kuwa nyeusi. Akiba yote ya mwaka ikaenda pale. Lakini nikisema ukweli, kilichouma zaidi ni yale maneno yangu mawili ya kila siku: "Si nilikwambia?" Niliyasema asubuhi, niliyasema usiku, nikayasema mbele ya mama mkwe. Mwezi mzima tukawa tunaongea habari za luku na maji tu.

Kwa nini ichemke?

Nilipotulia nikaenda kwa fundi mwenyewe, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto. Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna bakuli la chuma lililojaa oili, mafundi wanaliita toki konveta. Weka feni mbili zitazamane, moja iwashe, nyingine usiichomeke. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili. Ndani ya lile bakuli ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo ni oili. Feni ya pili kila mara iko nyuma kidogo ya ile ya kwanza, na nguvu inayopotea katikati inageuka joto. Ukiwa tambarare unakimbia vizuri, kuna klachi ndogo inayozibana feni hizo mbili zizunguke pamoja, na joto linashuka. Mlimani, mzigo nyuma, unatambaa nyuma ya lori, ile klachi haibani. Oili inasukwa tu, inachemka. Na oili hiyo hiyo ndiyo inayobadilisha gia, ndiyo inayolainisha vyuma, ndiyo inayobeba joto kulipeleka nje. Ikishindwa kazi moja imeshindwa zote.

Dizeli nayo ina udanganyifu wake. Injini ya dizeli yenye tabo ina nguvu nyingi mzunguko ukiwa chini, kwa hiyo dereva hahisi shida. Gari linavuta, halilalamiki, na ule mshale wa joto unaouona unapima maji ya injini. Gia boksi haumo humo. Magari mengi hayana mshale wa gia boksi kabisa, mengine yana taa tu, na taa ikiwaka ujue joto limeshapita kiasi.

Nikauliza: sasa inapozwa na nini? Nikaambiwa kwenye magari mengi oili ya gia boksi inapitishwa kwenye mrija uliomo ndani ya rejeta, inaogeshwa na maji ya injini. Maji hayo yenyewe yako karibu nyuzi 90. Hapo hata bila shule utaona tatizo: huwezi kupoza chai kwa kuiweka ndani ya supu ya moto. Kwa safari za mjini inatosha. Kwa tela na mlima, mara nyingi haitoshi.

Namba zenyewe usizisahau. Kati ya nyuzi 80 na 95 gia boksi nyingi ziko nyumbani kwao. Ikifika 110 anza kupunguza ujeuri. Ikigusa 120 tafuta pa kusimama, maana kuanzia hapo oili inaharibika haraka, na ukizidi kupanda mipira ya kuzuia oili inakakamaa na klachi zinateleza. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi kwamba kila nyuzi 10 hivi juu ya 80 zinakata umri wa oili nusu. Piga hesabu mwenyewe ukiwa 120.

Tulichofanya

Kwanza tulifunga rejeta ndogo ya nje ya oili, mbele kabisa panapopata upepo. Hapa muwe macho na fundi wa haraka haraka. Oili ipite kwanza kwenye rejeta kubwa, kisha ndogo, ndipo irudi gia boksi. Wapo wanaoikata kabisa ile njia ya rejeta kubwa, wanakwambia itapoa zaidi. Itapoa, lakini nenda nayo Njombe asubuhi ya mwezi wa saba uone: oili ya baridi sana ni nzito, nayo gia boksi haiipendi.

Mwenzangu alikuwa amejaza taa kubwa nne kwenye bampa la chuma mbele. Nzuri kwa picha. Zilikuwa zinaziba upepo wote, tukabakiza mbili (tulijadiliana wiki nzima, naomba msiniulize). Nyuma yake tulikuta matope na wadudu waliokaukia kwenye rejeta. Vilisafishwa kwa maji ya taratibu, si ile mashine ya presha inayokunja mapezi.

Kisha oili. Mwongozo wa gari unataja aina yake kwa jina, na aina hizi hazibadilishani kama sukari na asali. Oili nzima mara nyingi ni nyekundu au ya waridi. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa kama maziwa ya stroberi, kimbia kwa fundi leo leo, maji ya rejeta yameingia ndani. Na mtu asikwambie oili hii haibadilishwi maisha yote. Kuvuta tela kunahesabiwa kuwa matumizi magumu, sisi tunabadilisha kila kilomita 40,000.

Tukapima na uzito, jambo ambalo aibu yake bado ninayo. Tulikuwa tumesafiri na tangi la maji limejaa, lita 200, yaani kilo 200 tunazipandisha Kitonga wakati Mafinga kuna maji! Siku hizi tangi linasafiri tupu.

Halafu kikaja kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluutuzi. Bei yake ni ya chakula cha jioni cha watu wawili mahali pazuri. Si kila gari linakubali kutoa joto la gia boksi kwa njia hiyo, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa. Likikataa, kuna mita za kufungwa. La kwetu lilikubali.

Na hapa ndipo mapenzi yanapoingia. Anayeendesha haangalii simu. Kazi ya namba ni ya aliyekaa kushoto. Tulikubaliana sheria: ninataja namba tu, siongezi maoni. "Tisini na nane." "Mia na sita." Basi. Sisemi "punguza," sisemi "unaona?" Yeye naye akisikia mia na kumi lazima afanye kitu, bila kununa. Nakwambia, hiyo ilitusaidia kuliko semina yoyote ya ndoa niliyowahi kuhudhuria, na nimehudhuria tatu.

Tulipanda tena Kitonga mwezi wa tano na tela lile lile. Safari hii tulilala njiani tukaanza mlima saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa na ubaridi na malori machache. Chini kabisa mwenzangu aliitoa gia kwenye D akashika gia ndogo ya kuchagua mwenyewe, ili injini izunguke zaidi, gari lisihangaike kupanda na kushuka gia, na ile klachi ndogo ipate nafasi ya kubana. Magari ya zamani yana kitufe cha O/D, kazi yake inafanana. Likitokea lori mbele, hatukulikalia mgongoni. Tuliacha nafasi kubwa, tukawa tunakwenda kwa mwendo mmoja badala ya kusimama na kuondoka.

Ikafika mia na kumi na tatu. Sikusema neno jingine. Akasogea mahali palipopanuka, handibreki kwanza, mimi nikashuka kuweka mawe nyuma ya matairi ya gari na ya tela, ndipo akaweka P na kuacha injini ikinguruma taratibu. Ndiyo lile kosa la mara ya kwanza: ukizima injini, pampu inasimama, oili ya moto inabaki pale pale inaungua. Ukiiacha iwake, oili inaendelea kuzunguka na kupoa. Ilichukua dakika sita kurudi tisini na tano. Tulimenya machungwa.

Kuja kushuka, siku ya kurudi, tulitumia gia ndogo ile ile na breki tukazigusa kwa vipindi, kwa sababu dizeli haikamati sana yenyewe mteremkoni.

"Ngapi?" aliniuliza tulipofika juu.

"Mia na moja."

Akapunguza muziki, akasema, "Ile harufu ya siku ile... uliisikia wewe kwanza."

Nilitamani sana kusema yale maneno mawili. Nikamwambia asimame Ilula, tulikuwa bado hatujanunua nyanya za harusi.