Je, Wajua? Kisiwa Nacho Huhama

Je, wajua kwamba mwaka 1999 Wamarekani waliuhamisha mnara wa taa mzimamzima? Ni mnara wa Cape Hatteras, kwenye kisiwa cha Hatteras, jimbo la North Carolina, wenye kimo cha mita 60 hivi. Ulipojengwa, mwaka 1870, bahari ilikuwa umbali wa mita 460. Kufikia 1970 zilibaki kama mita 37 tu! Ukanyanyuliwa kwa jeki, ukaviringishwa juu ya vyuma mita 880 kwa siku 23.

Kabla ya hapo, miaka yote hiyo, mnara ulikuwa umetulia. Kisiwa ndicho kilichokuwa kikihama.

Hatteras ni utepe mwembamba wa mchanga. Wimbi hupanda ufukweni kimshazari, kisha maji hurudi yakiteremka moja kwa moja. Kila yakirudi, chembe ya mchanga imeshasogea kando kidogo. Kwa mamilioni ya mawimbi, mchanga husafiri kilomita nyingi.

Dhoruba hufanya makubwa zaidi. Maji huvuka kisiwa na kumwaga mchanga upande wa pili: mbele hupungua, nyuma huongezeka. Ndiyo maana makombe ya chaza, waliokulia kwenye maji matulivu nyuma ya kisiwa, leo huokotwa upande wa bahari kuu. Kisiwa kimepita juu yao.

Kimbunga cha 1846 kilifungua mlango wa bahari wa Oregon, kaskazini mwa kisiwa. Tangu hapo mlango huo umehamia kusini zaidi ya kilomita 3. Septemba 2003, kimbunga Isabel kilikikata kisiwa chenyewe kwa mkondo wa upana wa mita 500 hivi. Kijiji cha Hatteras kikakaa takriban miezi miwili bila barabara.