Kudhibiti atumiaye tarakilishi ya ofisi kutoka mbali

MFANYAKAZI anayefungua tarakilishi ya ofisi akiwa nyumbani, kupitia Remote Desktop ya Microsoft, huiendesha kana kwamba ameketi mbele yake. Hatari ni kwamba akinakili orodha ya mishahara huko, aweza kuibandika katika tarakilishi yake mwenyewe, au kuihamishia kwenye diski yake iliyounganishwa.

Mtumiaji anaweza kuuzima uwezo huo, ila kizuizi alichojiwekea hukiondoa apendapo. Kwa hivyo msimamizi wa mitambo hana budi kukiweka katika sera za Windows kwenye tarakilishi ya ofisi, na mfanyakazi asipewe mamlaka ya kuzibadilisha. Hata hivyo, hakuna sera inayomzuia mtu kuipiga picha skrini yake kwa simu.